Ikwa Juu ya Nguzo ya Simu

Kabla mtandao wa faiba haujafika kwetu Kianjai, nilikuwa nafanya kazi kwa laini ya simu ya mezani ya baba yangu, na mtu asije akaniambia eti ule ulikuwa mtandao. Ulikuwa mtihani. Unabonyeza video ipakuliwe, unaenda kukamua ng'ombe, unarudi, iko asilimia tisa. Unaenda kuchuma maharagwe mistari miwili, unarudi, asilimia kumi na moja. Unapika chai, unakunywa, unaosha kikombe, unakuta imerudi sufuri na inakuuliza kama ungependa kujaribu tena. Ningependa! Ningefanya nini kingine?

Baba alikuwa na jibu moja kwa mambo haya yote. "Haraka haraka haina baraka," alisema, huku akikoroga chai yake. Basi nyumba yetu ilikuwa imebarikiwa kuliko lokesheni nzima.

Kazi yangu ni kuandika yale maneno yanayopita chini ya video za masomo ya chuo, ili wanafunzi wasiosikia waweze kuyasoma. Kampuni iko Nairobi, na mimi pia nilikuwa Nairobi, miaka kumi na mmoja katika chumba kimoja chenye dirisha linaloangalia ukuta. Halafu baba akateleza kwenye matope nje ya zizi, akaumia nyonga. Nilikuja kumwangalia wiki mbili. Nikapata kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi mezani kwake, ijapokuwa kwa kuchechemea kama yeye, na wiki mbili zikawa miaka mitatu. Sioni haya kusema kwamba nilikuwa na furaha. Nilikuwa nakula maharagwe niliyoyapanda mwenyewe, nalala nikisikia mvua kwenye mabati, na kila asubuhi kulikuwa na mtu wa kubishana naye. Baba ni mwalimu mstaafu na mimi ni mtu wa hasira za karibu, kwa hivyo hatukuwahi kukosa mada.

Ile laini ya simu ilikuwa fahari yake. Aliiomba akiwa bado anafundisha, akangoja miaka mpaka walimu wenzake wakaanza kumcheka, na siku kampuni ya simu ilipokuja kusimamisha nguzo kwenye kona ya uwanja wetu, karibu na jikoni, majirani walikuja kutazama kana kwamba tunamwoza binti. Mimi nilikuwa msichana wa shule. Nakumbuka baba aliizunguka nguzo hiyo wiki mbili, akiishika, akiitingisha, akiitazama kutoka chini mpaka juu. Tulidhani anaipenda. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya mkulima. Wiki ya tatu akachukua jembe, akachimba shimo chini yake, akapanda ikwa.

Kwa asiyejua, ikwa ni kiazi kikuu, kile kirefu chenye ngozi ngumu na nyama nyeupe ndani. Mmea wake ni wa kutambaa. Usipoupa kitu cha kupanda, hautakupa kitu cha kula, kwa hivyo kwetu mti ulionyooka haukai bure. Mwanamume akiona mti mzuri umesimama tu bila ikwa, roho yake haitulii. Na nasema mwanamume makusudi. Nyumbani kwetu ikwa ilipandwa na mwanamume, ikachimbwa na mwanamume, ikaandaliwa mgeni wa maana. Marehemu mama aliipika maisha yake yote na hakuwahi kuigusa ikiwa bado shambani. Mimi vile vile. Ningeweza kulima, kukamua, hata kupanda juu ya paa kupigilia bati lililolegea, lakini nikisogelea ikwa ya baba nilisikia kikohozi chake dirishani.

Kila mwaka ikwa ile ilipanda nguzo, ikafika juu, ikakosa mahali pa kwenda, ikashika waya wa simu na kuufuata mpaka kwenye ukingo wa paa. Ilikuwa nzuri kutazama, sitasema uongo. Wageni waliipiga picha.

Sasa nikuambie ujinga wangu. Kila mwaka mtandao wetu ulikuwa mzuri kiasi mwezi wa Agosti na Septemba. Mvua zikianza unalegea, na kufika Aprili na Mei unakufa kabisa. Nilipiga simu kwa kampuni, wakasema ni hali ya hewa. Nikaamini. Kuna mwaka nilipeleka hata ombi kanisani, na wiki iyo hiyo mtandao ukatengenea, nikasimama nikatoa ushuhuda mbele ya watu, nao wakapiga makofi. Baba alikuwa ameketi kiti cha tatu. Alikuwa amechimba ikwa Jumanne ile, akasafisha nguzo yote, na hakusema neno.

Mwezi wa Mei bosi wangu akaniandikia ujumbe. Kuanzia mwezi ujao, alisema, hatutaandika tena video zilizorekodiwa. Tutaandika moja kwa moja, mhadhiri anasema nawe unaandika papo hapo. Kila mmoja wetu angejaribiwa laini yake, na siku yangu ilikuwa siku kumi mbele. Laini ikikatika, nirudi nikafanyie kazi afisini Nairobi, au niache kazi. Alimalizia kwa kunitakia siku njema.

Siku njema gani! Kuacha kazi singeweza, maana dawa za nyonga na chakula cha ng'ombe havitoki hewani. Na kurudi Nairobi kulimaanisha kumwacha mzee wa miaka sabini na nane peke yake na fimbo yake, na zizi lile lile, na matope yale yale. Nina kaka mmoja tu. Yeye anaishi Embu mjini na familia yake, nyumba ya kupanga juu ya maduka, ghorofa ya tatu. Nilisoma ujumbe ule mara tatu.

Nilimwambia baba. Alitia sukari kwenye chai. "Wewe nenda tu ukiitwa," alisema. "Mimi nitajipanga."

Basi. Nilikasirika, kwa kweli. Nilitaka asikitike kidogo, hata kwa adabu tu.

Lakini sikuwa nimekata tamaa, kwa sababu majuzi tu faiba ilikuwa imepita barabarani, waya mweusi mwembamba kutoka upande wa Meru mjini. Duka la dawa pale sokoni lilikuwa tayari limeunganishwa, na mwenye duka alikuwa anatangazia kila mgonjwa kwamba anatazama mpira mwanzo hadi mwisho bila kile kiduara kuzunguka hata mara moja. Nilienda siku iyo hiyo nikajaza fomu. Niliporudi nilikuwa natembea kama mtu aliyepata mchumba.

Fundi alikuja siku ya nne, na alikuwa mwanamke. Mama wa miaka thelathini na kitu, buti miguuni, mkanda mpana kiunoni umejaa koleo na nyaya, ngazi ndefu juu ya pikapu. Mzaliwa wa Mitunguu, kule chini kwenye joto na ndizi. Baba alimsalimia vizuri, akamuuliza fundi mwenyewe anafika saa ngapi.

"Mzee, amefika," alisema yule mama. Halafu akainua macho. "Woi. Hii ni nguzo ama ni shamba?"

Alitueleza jinsi mambo yalivyo. Kutoka barabarani mpaka nyumbani kwetu hakuna nguzo nyingine ila hiyo. Kampuni yake imeruhusiwa kutumia nguzo za zamani za simu. Tukitaka nguzo mpya, tutajaza fomu nyingine, ipelekwe afisini, na tungoje wiki sita tukiwa na bahati. Akapanda vidato vitatu vya ngazi, akafunua majani, akachungulia, kisha akaanza kucheka mpaka ngazi ikatikisika.

"Madam, kuja uone. Huu ndio waya wa internet yenu? Imevutwa na hii kitu mpaka kiungo kimeachana. Mvua ikinyesha, maji yote yanalala hapa. Miaka hii yote nyinyi mmekuwa mkipatia viazi wifi!"

Nikamgeukia baba. Baba alikuwa anachunguza mawingu.

"Baba, ulijua?"

"Nilikuwa na shaka."

"Tangu lini?"

"Tangu ule ushuhuda wako."

Fundi alijificha uso ndani ya majani ili nisimwone akicheka.

"Basi ni kukata tu," alisema aliposhuka. "Panga, dakika moja. Naunganisha, mko hewani leo leo."

Baba akasimama. Kwa nyonga yake, kusimama si jambo la haraka, na kwa hivyo sote tulimngoja amalize. "Haikatwi," alisema. Akaeleza, kwa sauti ile ya darasani, kwamba mwezi wa Mei ikwa ndiyo kwanza inajaza chini ya udongo. Ukiikata shina sasa, kile kiazi kinanyauka na kuoza, na mwaka ujao hakuna cha kuota tena. Mwezi wa Agosti itakauka yenyewe. Fundi na arudi Agosti, atapewa ya kubeba.

"Agosti, Baba? Mtihani wangu ni baada ya siku sita!"

"Nimesema haikatwi."

Fundi alitutazama mmoja mmoja, akafunga ngazi yake. "Mkisikilizana, mnipigie," alisema, na kwa upole, maana alikuwa ameona kwamba si mambo ya nyaya tena.

Hapo nyumbani palichafuka. Nilimwambia baba kwamba amechagua kiazi kuliko mtoto wake. Alisema hajachagua kitu. "Ikwa najua itakuwa hapa," alisema. "Wewe hujui kama utakuwa hapa. Na hiyo faiba yako siijui. Hawa wa simu waliniahidi mwezi mmoja, nikangoja mpaka nikaota mvi. Nikate kitu kilicho hai kwa sababu ya ahadi ya watu wa ngazi?" Nilisema maneno mengine ambayo sitayaandika hapa, kwa kuwa niliyaombea msamaha na nikasamehewa. Siku mbili hatukusemezana. Nyumba ya watu wawili ikinyamaza ni taabu. Tulikuwa tunamwambia paka yale tuliyotaka mwenzetu asikie. "Paka, chumvi imekwisha." "Paka, mwambie anayetafuta miwani iko juu ya redio." Paka alinenepa siku hizo, maana kila mmoja alikuwa anataka awe upande wake.

Asubuhi ya siku ya tatu niliamka na hasira mpya, safi kabisa. Nikachukua panga la kukatia nyasi nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye nguzo. Nilikuwa nimeamua. Niliinua mkono, wallahi mkono ulikuwa juu kabisa, niliposikia sauti ya baba dirishani, tulivu, kikombe mkononi.

"Hilo panga halina makali. Kuna lingine jikoni, nyuma ya mlango."

Kisha akarudi kunywa chai yake. Nilibaki pale na mkono wangu hewani, nimeaibika mpaka masikio, na mbaya zaidi nataka kucheka. Nikashusha panga. Na kwa kuwa nilikuwa nimefika pale, na kikohozi hakikusikika, nikaitazama ikwa kwa karibu kwa mara ya kwanza maishani. Kila futi moja shina lilikuwa limefungwa kwenye nguzo kwa uzi wa katani, fundo legevu lisilobana. Mafundo yaliishia pale mkono wa baba ulipofikia. Kutoka hapo kwenda juu hakukuwa na uzi. Nilimwona akilini amesimama hapo, fimbo kwapani, vidole vyake vile vinavyotetemeka vikihangaika na fundo, na hasira yangu ikaniacha peke yangu kama rafiki asiyefaa.

Halafu nikaona jambo jingine. Juu, kule kwenye waya, ikwa haikuwa imefungwa na mtu. Ilikuwa imejizungusha yenyewe. Na kitu kilichojizungusha kinaweza kuzungushwa kurudi.

Niliingia jikoni. "Baba," nilisema, na paka akanitazama kwa mshangao. "Tusiikate. Tuifungue. Tusimamishe mti mrefu wa mukima kando ya nguzo, tuihamishe ikiwa hai."

Alifikiri. "Nani atapanda juu?"

"Fundi."

"Fundi ni mwanamke."

"Na mimi nitakuwa chini niipokee."

"Wewe pia ni mwanamke."

"Baba, mwanamume wa kupanda nguzo hapa ni nani? Ni wewe? Ama ni rafiki yako wa hapo chini mwenye presha?"

Alikunywa chai yake hadi tone la mwisho. Kisha akaweka kikombe chini. "Niitie huyo wa ndizi," alisema.

Alikuja siku moja kabla ya mtihani, mapema, akisema ana nyumba nyingine tano za kuunganisha na bosi wake akijua amekuja kuhamisha viazi atafutwa kazi. Mimi nilikuwa nimekwisha kukata mukima mmoja mrefu na kuusimamisha, mikono yangu imejaa malengelenge. Baba alikuwa ameketi katikati ya uwanja kwenye kiti cha plastiki, kofia kichwani, fimbo mkononi ya kuonyeshea. Kilichokosekana ni ubao tu.

"Kwanza mjue," alianza, "ikwa haishikwi na mwanamke."

"Mzee, mimi nikiwa juu ya nguzo si mwanamke," alisema fundi akikaza mkanda. "Ni fundi."

"Na ukishuka?"

"Nikishuka utaniambia."

Baba aliinamisha kofia, na mimi namjua, alikuwa anaficha tabasamu. "Panda," alisema.

Akatufundisha. Shina la ikwa lina upande wake wa kuzunguka, na ukilirudisha kwa upande usiofaa linavunjika hapo hapo. Usilivute. Shika pale penye jani, zungusha, ngoja lilegee lenyewe, kisha songa. "Usiivute!" alipiga kelele. "Iombe!"

"Niombe kiazi?"

"Iombe!"

"Tafadhali," tulimsikia fundi akiambia majani kule juu.

Na kweli, likaanza kushuka. Kidogo kidogo, mita kwa mita, likanijia chini nami nikalipokea. Sikuwa na mahali pa kuliweka ila mwilini mwangu, kwa hivyo nilijizungushia shingoni, mabegani, kiunoni, mpaka nikabaki macho tu, kama mtu aliyefuzu chuo na jamaa zake wote wamemvisha mashada. Baba aliponiona hivyo alicheka mpaka fimbo ikaanguka. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mama afariki. Fundi naye akacheka, mkono ukamponyoka, tukasikia *pa!* Tawi moja limevunjika.

Hata kuku walinyamaza. Baba alilitazama lile tawi lililoning'inia, akashusha pumzi.

"Hiyo moja ni ya Mungu," alisema. "Endeleeni."

Ilituchukua karibu asubuhi nzima. Mwisho baba mwenyewe aliinuka na uzi wake wa katani, akafunga mafundo ya chini kwenye mukima mmoja mmoja. Alipofika pale mkono wake unapoishia, alisimama kidogo. Kisha akanipa uzi. "Funga hapo juu, mwari," alisema. "Mimi sifiki. Na usibane." Mwari ni binti kwa lugha yetu, na alikuwa hajaniita hivyo tangu tugombane. Nilifunga. Nikaliacha fundo legevu kama yake.

Baada ya hapo faiba yenyewe ilikuwa kazi ya nusu saa, na karibu ituvunje moyo kwa wepesi wake. Waya ukavutwa, likatobolewa shimo dogo ukutani, kijisanduku cheupe kikapachikwa, taa ya kijani ikawaka. Fundi akaniambia nifungue kitu. Nilibonyeza ile video ya saa nzima iliyokuwa imenishinda wiki yote, nikainuka kwenda kuweka maji ya chai.

"Unaenda wapi?" fundi aliuliza.

"Naingoja."

"Iko hapo."

Nilitazama. Ilikuwa pale. Nikatafuta mahali palipoharibika, maana haiwezekani. Baba aliinama juu ya bega langu, akatazama, akaguna. "Na sasa mtu atakuwa anakunywa chai saa ngapi?" alisema.

Chai tuliinywa, na ikwa ya akiba iliyochemshwa, akapewa fundi kipande kikubwa kama mgeni wa maana. Alisema kwao ni ndizi asubuhi, ndizi mchana, lakini hii nayo si mbaya. Baba alimwambia kwamba hiyo "si mbaya" ni matusi, aongeze kipande kingine. Alipoondoka alikuwa na ikwa mbili nzima kwenye pikapu, na baba alikuwa amesahau kumwambia yale aliyopaswa kuambiwa akishuka.

Siku ya mtihani sikula kitu. Baba aliwafungia kuku wote, akamfunga ng'ombe mbali, akasimama nje ya mlango wangu kama askari wa benki. Mhadhiri alikuwa anafundisha bima ya meli, mimi ambaye sijawahi kupanda hata mashua. Alikuwa anasema haraka sana. Niliandika, naye anasema, naandika, naye anasema, na kila sekunde nilikuwa nangoja uso wake ugande kinywa wazi kama walivyokuwa wakiganda zamani. Haukuganda. Dakika arobaini. Alipomaliza, blauzi yangu ilikuwa imelowa mgongoni. Nilikaa mikono mapajani, na baada ya muda ujumbe wa bosi ukaingia. Laini iko sawa. Jumatatu unaanza, huko huko ulipo.

Niliusoma kwa sauti, nikaruka, nikagonga meza kwa goti.

Baba alichungulia. "Imepita?"

"Imepita!"

"Kabisa?"

"Kabisa, Baba. Sirudi Nairobi."

"Vizuri," alisema. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari, akatoka nje kumfungua ng'ombe.

Nilikasirika tena kidogo. Ndiyo hiyo tu, vizuri? Nikamfuata mpaka dirishani nikitafuta maneno, nikakuta hajafika kwa ng'ombe. Alikuwa amesimama nyuma ya jiko na simu yake ya mkononi, akipiga kelele, maana anaamini Embu ni mbali.

"Usije Jumamosi!... Nimesema usilete gari!... Huyu mtoto anakaa... Eeh, anakaa, amepita... Hicho kitanda rudisha dukani, waambie hakijalaliwa... Hapana. Hapana, mwanangu, asante. Mimi niko nyumbani."

Niliingia chumbani kwake, mahali ambapo huwa siingii kwa sababu hufagia mwenyewe. Begi lilikuwa kando ya kitanda, limefungwa zipu. Sweta mbili. Biblia. Kadi yake ya hospitali. Viatu vya kanisani vimefungwa kwa gazeti, na gazeti lilikuwa la wiki ile ile bosi aliponiandikia.

Aliponikuta nilikuwa nimeketi sakafuni nalia, na sikujisumbua kujificha.

"Ungeenda Embu?" nilimuuliza. "Ghorofa ya tatu, na hiyo nyonga?"

"Ningepanda polepole."

"Na ikwa ukakataa ikatwe."

"Tungeondoka sote wawili," alisema. "Nilitaka kitu kibaki hapa kikiwa hai."

"Baba, kwa nini hukuniambia?"

Aliketi kitandani, akaweka fimbo chini.

"Ningekuambia, ungeacha kazi," alisema. "Ungekaa hapa kwa kunihurumia, na miaka ikipita ungenichukia. Mimi nilitaka ukae kwa sababu una kazi yako hapa."

Nilijipangusa uso kwa mkono wa blauzi. Nikatoa sweta moja, nikatoa na ya pili, nikazirudisha kwenye msumari nyuma ya mlango. Viatu alivitoa mwenyewe.